Barua ya wazi kwa viongozi wa Bunge la Marekani: irudieni kazi mliyoiacha mezani

Kwa:
Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi,
Mheshimiwa Kiongozi wa Walio Wengi katika Seneti,
Waheshimiwa Viongozi wa Walio Wachache katika mabaraza yote mawili,
Jengo la Capitol, Washington, D.C.

YAH: KAZI YA IBARA YA KWANZA YA KATIBA KUFANYWA NA WASIOPEWA

Waheshimiwa,

Salamu na heshima zenu. Yaliyomo humu si mageni kwa ofisi zenu. Yameshaletwa kwa njia zote mlizoweka: fomu ya mtandaoni inayodai msimbo wa posta kabla mtu hajaandika neno, simu inayopokelewa na kijana wa mafunzo ya kazi, na barua ya karatasi ambayo, tangu zile bahasha za kimeta za mwaka 2001, hupelekwa kukaguliwa kwingine kabla ya kufika Capitol. Kilichorudi, kutoka ofisi ambayo sitaitaja, ni maneno ya kiolezo: asante kwa maoni yako, suala hili nalijali sana, nitalizingatia likifika ukumbini. Huko ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, ndiyo maana sasa mnaandikiwa hadharani.

Mnaandikiwa kwa Kiswahili kwa sababu wapo raia wa Marekani wanaoizungumza lugha hii nyumbani, Texas, Kentucky, Ohio, Maine. Wapo pia wasomaji wa Mombasa, Kigoma na Bukavu ambao uamuzi wenu huwafikia ingawa hawawapigii kura. Nakala ya Kiingereza mnayo.

Televisheni za nchi hii zinakesha zikimzungumzia Rais. Aliyepo, aliyepita, anayetaka kurudi. Mimi nasema mwenye kesi ni ninyi. Katiba imeanza na Bunge, tena kwa ibara iliyo ndefu kuliko zote, ikawapa mfuko wa fedha, uamuzi wa vita na mamlaka ya kuweka kanuni za uchaguzi wenu. Mambo hayo matatu mmeyaachia marais, majaji na wachoraji ramani, halafu mnakwenda kulalamika mbele ya kamera kana kwamba mmeibiwa.

1. Viti 435 ni vichache mno

Tuanze na lile jibu la kiolezo, maana lina hesabu nyuma yake. Kwa sensa ya 2020, mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi ana wastani wa watu 761,000. Ofisi yake inaruhusiwa wafanyakazi wa kudumu wasiozidi 18, nao wamegawanyika kati ya Washington na wilayani, yaani kwenye eneo lake la uchaguzi. Toa mkuu wa ofisi, msemaji, mpanga ratiba, wanaosoma miswada, wanaofuatilia pasipoti na madai ya maveterani. Wanaobaki kusoma barua za watu 761,000 ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hata mjumbe mwenye nia njema atatumia kiolezo.

Sheria ya mwaka 1911 iliweka viti 433, ikaacha nafasi ya viwili kwa Arizona na New Mexico, vikatimia 435. Sensa ya 1910 ilikuwa imehesabu watu milioni 92, na kila mjumbe alibeba kama 210,000. Baada ya sensa ya 1920, iliyoonyesha kwamba miji imeipita mashamba, Bunge lilishindwa kabisa kugawa viti upya kwa sababu wajumbe wa vijijini walijua watakaopoteza ni wao. Mwaka 1929 ikapitishwa sheria ya kuufungia ugawaji kwenye idadi ile ile. Kwa hiyo 435 haimo katika Katiba. Katiba inasema tu kwamba wajumbe wasizidi mmoja kwa kila watu 30,000.

Viti vikiwa vichache, kosa dogo la hesabu huwa dhuluma kubwa. Katika ugawaji wa 2020 New York ilipoteza kiti kwa upungufu wa watu 89. Delaware ina watu karibu 990,000 na mjumbe mmoja. Montana ina kama 1,085,000 na wajumbe wawili, yaani mtu wa Montana ana karibu mara mbili ya sauti ya mtu wa Delaware, na hakuna aliyevunja sheria. Washington yenyewe, mji mnaokaa, ilihesabiwa watu 689,545, zaidi ya Wyoming na zaidi ya Vermont, na haina mjumbe mwenye kura.

Najua udhuru wa kwanza: ukumbi hautoshi. Ukumbi wa Baraza la Makabwela la Uingereza una nafasi za kukaa 427 kwa wabunge 650, na tangu lini siku ya bajeti ikaahirishwa kwa sababu watu wamesimama? Udhuru wa pili ni gharama. Hata kila ofisi mpya ikitumia dola milioni 2 kwa mwaka, ofisi 257 ni dola milioni 514, katika serikali inayotumia zaidi ya trilioni 6. Na kwa wanaosema hakuna nchi inayofanya hivyo: Kenya, kwa sensa yake ya 2019, ina majimbo 290 ya uchaguzi, wastani wa watu 164,000 kwa kila mbunge wa jimbo. Mkenya wa Nakuru ana njia fupi ya kumfikia mbunge wake kuliko Mmarekani wa Dallas.

Kwa nini 257? Mabunge mengi duniani yana ukubwa unaokaribia kipeo cha tatu cha idadi ya watu. Cha milioni 331 ni 692. Ukitoa 435, hiyo ndiyo nyongeza. Tunaomba muifanyie marekebisho sheria ya 1929, kwa kura za kawaida bila kuigusa Katiba, kabla ya mwisho wa 2029, ili hesabu ya Aprili 1, 2030 igawe viti vipya.

2. Mfuko wa fedha

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo kazi yenu ilipo hasa.

Ratiba mmejiwekea wenyewe kwa sheria ya mwaka 1974 na marekebisho yake. Rais alete mapendekezo Jumatatu ya kwanza ya Februari. Azimio la bajeti lipite kufikia Aprili 15. Kamati ndogo 12 ziandae miswada 12 ya matumizi, Baraza la Wawakilishi liimalize kufikia Juni 30, Seneti iipitie, tofauti zisuluhishwe, na yote iwe imesainiwa kabla ya Oktoba 1, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Hata tarehe hiyo ilisogezwa kutoka Julai 1 kwa sheria hiyo hiyo, ili mpate miezi mitatu zaidi. Tangu ratiba hii ianze kutumika, mmeimaliza miswada yote kwa wakati mara nne: kwa miaka ya fedha ya 1977, 1989, 1995 na 1997. Mtoto aliyezaliwa siku mlipofaulu mara ya mwisho sasa anakaribia miaka thelathini.

Mkichelewa hutokea moja kati ya mawili. La kwanza ni azimio la kuendeleza matumizi, linaloruhusu idara kutumia kiwango cha mwaka jana. Linasikika kama jambo dogo, lakini ndani yake mna sharti kwamba idara isianzishe kitu kipya. Kama mwaka jana ulikuwa na mradi uliokwisha, fedha zake zinaendelea kukaa kwenye fungu lile lile. Kama mwaka huu unahitaji mradi mpya, huwezi kuuanza. Mkuu wa kitengo hawezi kusaini mkataba wa miaka mitano kwa fedha za wiki saba, kwa hiyo anasaini mifupi mifupi, na mikataba mifupi ni ghali. Anayeajiri anasubiri. Ikifika Machi mnapitisha mswada mmoja wa kurasa zaidi ya elfu moja usiku, na anayeupigia kura hajausoma. Sisi tunajua hajausoma. Naye anajua kwamba tunajua.

La pili ni kufungwa kwa shughuli za serikali. Wananchi wengi wanadhani hili limo katika Katiba. Halimo. Ipo sheria ya karne ya 19 inayokataza idara kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, na kwa karibu karne nzima idara zikichelewa kupata bajeti zilipunguza matumizi zikaendelea na kazi. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akatoa tafsiri kwamba lazima zifunge milango, na mwaka uliofuata akafafanua kwamba wanaolinda uhai na mali wabaki kazini. Maoni ya mwanasheria mmoja yakawa desturi ya taifa. Mngeweza kuyafuta kwa sheria ya aya moja miaka arobaini na zaidi iliyopita.

Tangu hapo mmefunga kwa siku 35, kuanzia Desemba 22, 2018 hadi Januari 25, 2019, kisha mkaivunja rekodi yenu kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025. Waongoza ndege walifanya kazi bila mshahara. Msaada wa chakula unaowahusu watu kama milioni 42 ukayumba mwezi Novemba. Sheria ya 2019 inawahakikishia watumishi wa serikali malimbikizo yao. Wafagiaji, walinzi na wapishi wa kantini walioajiriwa na wakandarasi haiwahakikishii chochote, na hao ndio wenye mishahara ya chini kuliko wote jengoni. Ninyi mshahara wenu, dola 174,000 kwa mjumbe wa kawaida, haukosi, kwa sababu Katiba imeulinda.

Lakini kuna ufa mbaya zaidi, na huu ni wa karibuni. Muswada wa matumizi hauwezi kupita Seneti bila kura 60 za kufunga mjadala, kwa hiyo kila bajeti ni mapatano ya vyama viwili. Sheria ya 1974 inamruhusu Rais kuomba fedha zilizopitishwa zifutwe, na ombi hilo, likijadiliwa ndani ya siku 45, hupita kwa wingi wa kawaida. Julai 2025 mlifuta hivyo dola bilioni 9, kwa kura 51 dhidi ya 48 katika Seneti na 216 dhidi ya 213 katika Baraza la Wawakilishi. Yaani mapatano ya watu 60 yalivunjwa na watu 51. Mwishoni mwa Agosti likaja ombi jingine la dola bilioni 4.9 za misaada ya nje, likiwa limebakiwa na siku chache kuliko 45 kabla ya mwaka wa fedha kwisha; hata msipojibu, fedha zinakufa zenyewe Septemba 30. GAO, ofisi yenu wenyewe ya ukaguzi, ilisema mbinu hiyo ni kinyume cha sheria. Mkakaa kimya. Kisha Oktoba 1 mkashangaa kwamba walio wachache hawataki kusaini mapatano mapya! Nani hupatana na mtu ambaye kesho yake anaruhusiwa kuichana karatasi?

Dawa zipo, na nyingine mnazo kabatini. Kwanza, sheria ya kuendeleza matumizi yenyewe kwa yenyewe siku bajeti inapochelewa, pamoja na sharti kwamba wajumbe wasiondoke Washington wala kutumia fedha za umma kusafiri mpaka wamalize. Miswada ya namna hiyo imewasilishwa zaidi ya mara moja na watu wa vyama vyote viwili. Pili, ombi la kufuta fedha lipigiwe kura kwa kiwango kile kile kilichozipitisha, na lisipokelewe kabisa kama zimebaki siku chini ya 90 kabla ya Septemba 30. Tatu, GAO iweze kwenda mahakamani kwa haki yake bila kuzuiwa na mjadala wa kama ina nafasi ya kushtaki.

Mtasema kanuni ya kura 60 ndiyo kikwazo, nayo ni ya tangu enzi na enzi. Si kweli. Seneti ilianza kuwa na njia ya kufunga mjadala mwaka 1917, kwa theluthi mbili. Kiwango cha 60 ni cha 1975. Mwaka 2013 Wademokrat waliiondoa kwa uteuzi wa maofisa na majaji wengi, mwaka 2017 Warepublikan wakaiondoa kwa Mahakama ya Juu. Kanuni hiyo huguswa kila mnapotaka. Kama mnaipenda, angalau irudisheni katika hali yake ya zamani: anayetaka kuzuia muswada asimame aseme, usiku na mchana, watu wamwone. Siku hizi seneta anatuma ujumbe kwamba atazuia, kisha anakwenda kula.

3. Vita

Mara ya mwisho Bunge kutangaza vita ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Vyote vilivyofuata mnavijua.

Idhini ya Septemba 2001 ina kiini cha maneno 60. Ilipita kwa kura 420 dhidi ya 1 katika Baraza la Wawakilishi, na 98 kwa 0 katika Seneti. Aliyekataa ni Barbara Lee wa California, aliyesema inampa Rais hundi isiyo na kiasi. Maneno yale yaliwahusu waliopanga mashambulizi ya Septemba 11 na waliowahifadhi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba yanaihusu pia al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwapo. Januari 5, 2020 kundi hilo lilishambulia kambi ya Manda Bay, katika kaunti ya Lamu, wakafa Wamarekani watatu. Mtu wa Lamu ana haki ya kuuliza ni lini Bunge la Marekani lilipiga kura kuhusu vita vilivyofika pwani yake. Hatuna jibu la kumpa.

Tunaomba idhini ya 2001 ifutwe ndani ya mwaka mmoja na, ikihitajika nyingine, itaje adui kwa jina, itaje nchi, na iishe yenyewe baada ya miaka miwili. Udhuru kwamba mtaonekana dhaifu kwa magaidi sina la kuujibu. Kupiga kura ndiyo kazi.

4. Mipaka ya wilaya

Kwa msomaji asiyeijua hila hii: chukua jimbo lenye wapiga kura 500 na wilaya 5 za watu 100. Chama cha kwanza kina watu 200, cha pili 300. Mchoraji wa chama cha kwanza anawapasua watu wake 55, 55 na 55 katika wilaya tatu, na masalio 20 na 15 anayaacha katika mbili. Cha pili kinapata 45, 45, 45, kisha 80 na 85. Chenye asilimia 40 kimechukua viti vitatu kati ya vitano. Anachohitaji ni faili la wapiga kura, ramani ya mitaa na kompyuta ya kawaida.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema mahakama za shirikisho hazina la kufanya juu ya hila za kivyama katika ramani. Sawa. Lakini Ibara ya Kwanza, kifungu cha nne, inawapa ninyi mamlaka ya kubadili kanuni za majimbo, na mmeshawahi kuyatumia: ni sheria yenu ya 1967 inayolazimisha kila wilaya iwe na mjumbe mmoja. Safari hii hamkuyatumia. Matokeo yake Texas ikachora upya katikati ya muongo, Agosti 2025, ikilenga viti vitano. California ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba 4, ikilenga vitano vyake. Missouri na North Carolina nazo ziliifuata Texas, kiti kimoja kimoja. Wakimbiaji wote wanakata kona, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Marufuku ya kuchora zaidi ya mara moja baada ya sensa, ila kwa amri ya mahakama, ni sentensi moja. Iandikeni, na ianze kutumika kwa vyama vyote siku moja, ili asipatikane wa kusema ameachwa uchi peke yake.

Nyongeza ya viti iliyotajwa juu inasaidia hapa pia, kwa kuwa wilaya ndogo ni ngumu kuzipinda. Lakini haitoshi bila marufuku, na wanaodai inatosha hawajakaa na ramani ya Houston.

5. Fedha za kampeni na hisa zenu

Kwa ufupi, maana aibu hii haihitaji kurasa. Mwananchi wa kawaida hawezi kumpa mgombea zaidi ya dola 3,500 kwa uchaguzi mmoja katika mzunguko wa 2025 na 2026. Kamati zinazojiita huru hazina kikomo tangu 2010. Anayepaswa kusimamia ni Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, yenye makamishna sita, wasiozidi watatu wa chama kimoja, na haiwezi kuamua lolote zito bila kura nne. Mwaka 2025 ilibakiwa na watatu, ikapoteza akidi. Refa aliondoka uwanjani mechi ikiendelea na hakuna aliyepuliza filimbi. Uteuzi ni wa Rais, lakini kuthibitisha na kudai ni kwa Seneti. Wekeni kwa sheria kwamba kiti kikikaa wazi siku 120, kamati yenu ipendekeze jina.

Kuhusu hisa: sheria ya 2012 inamtaka mjumbe atangaze ununuzi au uuzaji unaozidi dola 1,000 ndani ya siku 45. Faini ya kuchelewa, kwa kawaida, ni dola 200. Anatangaza kwa makadirio, kama vile kati ya dola 15,001 na 50,000, kwa hiyo hata akitangaza hatujui. Mtu anayesikiliza taarifa za siri za ulinzi asubuhi asinunue hisa za kiwanda cha silaha mchana. Zipigeni marufuku hisa za kampuni mojamoja, kwenu na kwa wenzi wenu. Fedha zikae katika mifuko ya pamoja kama za walimu wengi.

6. Habari

Vikao vya kamati vimegeuka studio. Kila mjumbe ana dakika tano za kumhoji shahidi. Anazitumia nne kutoa hotuba, anauliza swali la ndiyo au hapana, anamkata shahidi, na kabla kikao hakijaisha kipande kimeshasambazwa na maombi ya michango yako chini yake. Wapeni wanasheria wa kamati nusu saa ya kuhoji kwanza kila shahidi, kanuni zenu zinaruhusu, na mtaona watu wakianza kujibu.

Lakini shida kubwa iko mbali na Washington. Zaidi ya kaunti 200 za nchi hii hazina chombo chochote cha habari cha mahali hapo. Mkutano wa bodi ya shule unafanyika bila mwandishi, zabuni ya barabara inatolewa bila anayeisoma, na mwananchi anabaki kuchagua kati ya chaneli mbili za kitaifa zinazomwambia amchukie jirani. Katika hali hiyo, Julai 2025, mlifuta dola bilioni 1.1 za Shirika la Utangazaji wa Umma, fedha za miaka miwili. Agosti 1 shirika lililoundwa kwa sheria ya 1967 likatangaza kuanza kufunga shughuli. Ukigawa, ilikuwa kama dola moja na nusu kwa kila mtu kwa mwaka. Fedha zilitolewa miaka miwili mbele kwa makusudi, ili kituo kisiogope kumkasirisha mwanasiasa. Sehemu kubwa kisheria ilikwenda kwa vituo vyenyewe. Kituo cha New York kina wafadhili na kitaishi. Cha kijiji cha Alaska, ambacho ndicho kinachotangaza onyo la mawimbi na mafuriko, hakina.

Mtasema utangazaji wa umma unaegemea upande mmoja. Yawezekana, nami nina vipindi nisivyovipenda. Basi kateni kipindi cha kitaifa na mwache mnara wa kijijini. Hamkufanya hivyo, kwa sababu ombi lilikuja kama fungu zima nanyi mkalipigia kura kama fungu zima.

Na sasa Sauti ya Amerika (VOA). Machi 14, 2025 Seneti ilipitisha sheria ya matumizi iliyokuwa na fedha za shirika mama la VOA. Siku hiyo hiyo Rais akasaini amri ya kulipunguza shirika hilo mpaka kiwango cha chini kabisa. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 walipewa likizo ya lazima, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Vituo vya FM vya Afrika Mashariki na Kongo vilivyokuwa vikiunga matangazo hayo viliachwa na saa tupu. Mkataba wa VOA ni sheria ya nchi tangu 1976, unadai habari sahihi, zisizoegemea upande na kamili. Sheria hiyo hamkuifuta. Fedha hamkuzifuta. Aliyefuta ni mwingine, na mahakama ndiyo iliyohangaika kuwatetea ninyi, Aprili 2025, wakati kamati zenu zinazohusika zingeweza kumwita mkuu wa shirika chini ya hati ya wito wiki ile ile.

Wapo wanaodai redio imepitwa na wakati. Mwenye kudai hivyo hajawahi kukaa Kivu umeme ukiwa umekatika na intaneti imezimwa.

7. Lugha kwenye chumba cha kura

Hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinalazimisha kaunti kutoa karatasi za kura na maelezo kwa lugha nyingine pale wapiga kura wa lugha hiyo wasiojua Kiingereza vizuri wanapozidi 10,000 au asilimia 5, na kiwango chao cha kutojua kusoma kikiwa juu ya wastani wa taifa. Lakini tangu 1975 kinahesabu makundi manne tu: wenye asili ya Kihispania, wenye asili ya Asia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Kikrioli cha Haiti havimo, hata wasemaji wake wangefika laki moja. Minnesota hutoa maelezo kwa Kisomali kwa hiari yake. Pasipo hiari hakuna kitu.

Mtasema raia aliyeandikishwa lazima awe amefaulu Kiingereza. Sheria yenu ya uhamiaji inamsamehe mtihani huo mwenye miaka 50 aliyekaa miaka 20 na kadi ya ukaazi, au mwenye 55 aliyekaa 15. Bibi mkimbizi kutoka Kongo, raia kamili, anaruhusiwa asijue. Kifungu cha 203 kinaisha Agosti 2032. Msisubiri hadi hapo kuongeza neno moja, kwamba kundi lolote la lugha likifikia kiwango linahesabiwa.

Kwa sasa, na hili nawaandikia wasomaji: kifungu cha 208 kinampa mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mtoto wake, jirani, mtu wa kanisani au msikitini. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake, wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Amri ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza lugha rasmi haijaifuta haki hiyo. Msimamizi akikataa, omba kwa jina "kifungu cha 208" na udai ampigie simu mkuu wa uchaguzi wa kaunti papo hapo, kabla hujatoka kwenye foleni.

Waheshimiwa, hatuombi barua nyingine ya shukrani. Tunaomba kila moja kati ya hoja hizi saba iletwe ukumbini na kupigiwa kura ya majina, mjumbe kwa mjumbe, kabla ya mapumziko yenu ya Agosti. Anayekataa akatae kwa jina lake. Kumbukumbu za kura hutoka siku hiyo hiyo kwenye tovuti za makarani wenu, nasi tutazitafsiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi na mpiga kura

Nakala:
Wenyeviti na wajumbe waandamizi wa Kamati za Matumizi, mabaraza yote mawili
Kamati ya Kanuni na Utawala, Seneti
Kamati ya Utawala, Baraza la Wawakilishi